Ingia Tukuone

Katika duka lake huuziwi miguu ya bafu mpaka kwanza uingie ndani ya bafu. Unavua viatu, unaingia na nguo zako mbele ya wateja wanaosubiri misumari na rangi, unaketi, unanyoosha miguu, halafu unatoka mwenyewe bila kushikwa mkono. Ukikataa, anakuelekeza kwa upole kwenye maduka mengine, na kukuonya kwamba huko watakuuzia chochote.

"Ingia tukuone," humwambia kila mtu, awe mwalimu, awe askari, awe mke wa mtu mkubwa aliyeacha gari likinguruma nje.

Mjini Nakuru wengi humwita Mama Bafu. Mimi nashona nguo mlango unaofuata wake, na ukuta ulio kati yetu ni mwembamba kiasi kwamba kwa miaka yote hii nimesikia watu wakiingia na kutoka kwenye lile bafu la maonyesho, wengine wakicheka, wengine wakiguna. Yeye huniita Cherehani. Sijawahi kumsikia akitumia jina langu, nami hapa sitataja lake. Akijua nimeliandika atakuja kukagua kama nimelinyoosha sawasawa.

Ana msemo wake mmoja ambao nimeusikia mara nyingi kuliko mahubiri yoyote: "Mtu huogeshwa mara mbili, akizaliwa na akifa. Hapo katikati ajioshe." Aliwaambia wateja, nao wakacheka na kulipa. Mwaka huu msemo huo ulimrudia mwenyewe, maana goti lake la kulia lilianza kukataa kazi, na binti yake wa Dundori akasema wazi kwamba mama hawezi tena kuoga peke yake, kwa hiyo atahamia kwake aogeshwe. Nilipolisikia neno hilo, "aogeshwe", nilijua kwamba tumeingia vitani.

Lakini hamtaelewa vita hivyo kama hamumjui.

Kwanza hiyo miguu. Bafu la kisasa halilali sakafuni. Chini yake kuna miguu ya chuma yenye skrubu, unaizungusha kwa spana na bafu linapanda au kushuka mpaka litulie. Hata trei ya shawa, ile sahani pana ya kusimamia unapooga, ina miguu yake midogo. Watu huchagua bafu kwa rangi, huchagua bomba kwa kung'aa, halafu mambo ya miguu wanamwachia fundi aone atakachofanya. Fundi naye huona matofali.

Matofali yalimkera Mama Bafu kama dhambi. Aliamini kwamba Nakuru nzima imeteremka kutoka mlima Menengai kwenda ziwani, na kwamba hakuna sakafu iliyonyooka katika mji huu, hata ile ya benki.

"Boss, weka bafu kwa matofali uone," alimwambia mtu mmoja nikiwa nimesimama pale nikikopa stuli. "Kichwa chako kitakuwa Menengai, maji yako yatakuwa ziwani kwa flamingo."

Ndani ya mkoba wake, kati ya Biblia na kitambaa cha jasho, alibeba pima maji, ile rula ya mafundi yenye kiputo cha hewa kinachoelea. Aliitoa popote. Aliilaza juu ya benchi kanisani kabla ya kukaa. Kwenye harusi ya mpwa wangu aliilaza chini ya keki, akatikisa kichwa, na sisi sote tukakaa tukiangalia keki badala ya maharusi. Keki haikuanguka, na mpaka leo anasema ni kwa sababu alisukuma meza kidogo watu walipokuwa wakiomba.

Siku tuliyojuana aliingia kwangu kushona sketi, akaiweka pima maji juu ya meza yangu ya kukatia, akanitazama kwa huruma.

"Wewe unakata suruali za watu kwa mlima," alisema. "Ndiyo maana wanaume wa huu mtaa wanatembea hivyo."

Akarudi dukani kwake akaja na mguu mmoja wa bafu, akaupachika chini ya kona ya meza, akazungusha mpaka kile kiputo kikatulia katikati. Mguu huo uko pale hadi leo. Wateja huuliza kwa nini meza yangu ina miguu mitatu ya mbao na mmoja wa kuogea, nami husema ni mtindo.

Swali lake la kwanza kwa mnunuzi lilikuwa moja tu: "Nani ataoga?" Hakuuliza nyumba ni kubwa kiasi gani wala unataka chuma au plastiki. Alikuja bwana mmoja kutoka Ndabibi, mkulima wa vitunguu aliyekuwa amejenga nyumba ya vigae.

"Ni ya bibi yangu," akasema. "Ni surprise."

"Surprise ina kilo ngapi?"

Yule bwana akacheka, kisha akaona kwamba anayecheka ni yeye peke yake. Alifukuzwa akamlete mwenye kuoga. Juma lililofuata akaja naye, mama mnene mpole wa kilemba cha bluu, akiwa hajui kabisa ameletewa nini. Akaambiwa ingia tukuone. Akavua viatu, akaingia, akaketi, akanyoosha miguu, akaegemeza kichwa. Kisha akafumba macho na hakutoka. Mume akasimama pale na kipochi cha mkewe mkononi. Mtu aliyekuja kununua misumari akaanza kulalamika kwamba ana haraka.

"Nyamaza," Mama Bafu akamwambia. "Huoni mtu anapumzika?"

Mimi nilikuwa mlangoni. Yule mama alipofumbua macho alisema kwamba tangu aolewe hajawahi kukaa mahali bila mtu kumwita. Mama Bafu akamgeukia mume akamwambia miguu amepata, sasa kilichobaki anunue kufuli ya mlango wa bafuni. Akanunua.

Sheria ya kutoshikwa mkono nayo ilikuwa kali. Mchungaji mmoja mwenye mwili wa kutosha aliingia akiwa na suti, akakaa vizuri, akashindwa kunyanyuka. Wanaume waliokuwa dukani wakamkimbilia.

"Hakuna kumshika!" Mama Bafu akapiga kelele. "Kwani kule nyumbani atashikwa na nani? Mtakuwa mnalala huko?"

Mchungaji akahangaika, akageuka kifudifudi, akapiga magoti ndani ya bafu akiwa ameshika ukingo kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha, anapumua. Wateja wawili walioingia wakati huo wakadhani kuna maombi, wakavua kofia. Alipotoka alikuwa amelowa jasho kuliko aliyeoga. Aliuziwa trei ya shawa, na nasikia aliwahubiria watu wake juu ya kuujua mwili wako.

Kulikuwa na wale waliosema, "Mama, mimi najijua, niuzie tu." Hao aliwajibu kwa sauti ya chini, jambo ambalo kwake lilikuwa baya zaidi ya kelele: "Wanaojijua ndio tunawapelekea machungwa hospitali."

Sasa msidhani alikuwa mtakatifu wa mabafu. Yeye mwenyewe hajawahi kuoga ndani ya bafu hata siku moja. Aliishi Bondeni, katika zile nyumba za zamani za kaunsili ambapo bafu liko nje uani, na alioga kwa karai kama sisi sote. "Mimi si kiazi cha kulowekwa," alisema, mkono mmoja ukiwa juu ya bafu analouza. Kiti chake cha dukani kilikuwa kimeinama upande, amekikingia katoni iliyokunjwa. Pima maji haikuwahi kuwekwa juu ya kiti hicho, nami nilipomwuliza aliniambia nishone.

Tena alikuwa na ukaidi wa aina mbili katika biashara yake. Ukaidi wa kwanza ulikuwa mguu wa tano. Bafu linakuja na miguu minne, lakini yeye lazima akuongezee wa katikati. "Bafu ni kama ndoa," alisema, "haivunjiki pembeni, huvunjika katikati." Ukaidi wa pili ulikuwa urefu. Alipenda miguu izungushwe juu kabisa, ili chini pabaki nafasi ya kupitisha mkono wa fundi mpaka kwenye bomba. Alikuwa ameona vigae vingi mno vikivunjwa kwa sababu ya tone moja la maji. "Mkono ukipita, nyundo haiji," aliwaambia. Mafundi walimpenda sana kwa hilo. Wazee waliolazimika kupanda trei kama wanapanda lori sijui walimpenda kiasi gani.

Huko Dundori kwa binti yake nimefika naye mara moja. Ni baridi, ni viazi, ni ng'ombe wa maziwa, na ni watu wema wanaokulisha mpaka uombe msamaha. Shamba hilo lilikuwa la mzungu zamani, na bafu lake la chuma, zito, lenye miguu ya makucha ya simba, liko nje karibu na zizi. Ng'ombe hunywea humo. Mama Bafu alilizunguka bafu lile mara kadhaa, akainama akashika kucha moja baada ya nyingine.

"Bafu zuri hivi," akasema kwa uchungu, "na mteja ni ng'ombe."

"Lakini hawalalamiki, Mum," binti akasema.

"Kwa sababu wanajua kuingia na kutoka."

Basi goti likaanza. Kwanza alilificha, akitembea dukani kwa kushika mashine za kukoroga rangi kana kwamba anazikagua. Halafu asubuhi moja, kule bafuni uani, aliteleza akakaa chini kwenye saruji, akashindwa kuinuka. Mwingine angepiga mayowe. Yeye aliona aibu kuita watu wamkute vile, kwa hiyo akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa sauti kubwa, ili mtu atokee na kumwuliza kuna nini. Majirani wa Bondeni ni watu wa ibada. Waliokuwa wakifua uani waliposikia wakaitikia. Mmoja akashika sauti ya pili. Mama Bafu akaanza wimbo wa pili, wakaitikia huo pia, wakaongeza na makofi. Walisema baadaye kwamba asubuhi ile ilikuwa na baraka za ajabu. Nyimbo zilipomwishia, wakasikia kutoka ndani sauti ikisema taratibu, "Asanteni. Sasa vunjeni mlango."

Tulicheka wiki nzima, na yeye alicheka kuliko sisi. Binti yake hakucheka. Alishuka kutoka Dundori siku hiyo hiyo, akiwa na gamboti zenye matope, akamkuta mama amelala kitandani kwake na goti limefungwa.

"Mum, imetosha. Unakuja nyumbani. Nitakuogesha mimi mwenyewe, maji moto, polepole."

"Wewe nilikuogesha mimi."

"Ndiyo. Sasa ni zamu yangu."

"Haina zamu hiyo kitu."

Nilikuwa nimeketi pembeni na uji. Naweza kusema nilimuunga mkono mmoja wao, lakini nitakuwa nadanganya, kwa sababu wote wawili walikuwa wamesema kweli. Binti alikuwa analia. Mwishowe akafuta uso na kusema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu utotoni akiwa anafanya homework nyuma ya kaunta.

"Sawa. Tengeneza shawa ndani ya nyumba. Nikirudi, utaingia nikuone. Uingie, utoke, bila kushikwa. Ukishindwa, tunapanda Dundori na nguo zako."

 Mama Bafu alikuwa amefungwa kwa kamba aliyoisuka mwenyewe, na nadhani kuna sehemu yake ilijivuna kwamba kamba ilikuwa imara.

"Sawa," akasema.

Fundi akaja, akageuza kile chumba kidogo cha stoo kando ya jiko. Akatoboa ukuta, akapitisha bomba la kupindika kutoka chini ya trei hadi mtaro wa nje. Mama Bafu alichagua trei nyeupe ya bei, na miguu akaichagua mwenyewe kutoka kwenye sanduku, mmoja mmoja, akiizungusha karibu na sikio kama mtu anayesikiliza nazi. Bila shaka aliweka na wa tano.

"Mbona huingii tukuone?" nikamwuliza siku trei ilipobebwa kutoka dukani.

"Mimi najijua, Cherehani."

Nikayawaza yale machungwa ya hospitali.

Binti alirudi Jumamosi asubuhi. Alileta gunia la viazi, na pia mfuko mkubwa mtupu, aliouweka mlangoni bila kuueleza. Tuliingia sote watatu katika kile chumba kidogo. Trei ilikuwa inameta. Pima maji ilikuwa imelala juu yake, na kiputo kilikuwa katikati kabisa. Chini ya trei ungeweza kupitisha mkono wa fundi, na labda bega lake pia.

Mama Bafu akavua champali. Akashika ukuta. Akainua mguu wa kulia, ukafika nusu, ukasimama hewani, ukarudi chini. Akabadilisha, akainua wa kushoto, lakini lile goti la kulia likatetemeka chini yake, na wa kushoto nao ukarudi. Akajaribu tena.  Nilitamani kumshika kiwiko kuliko nilivyowahi kutamani chochote, na nilijua kwamba nikimshika nimempeleka Dundori kwa mkono wangu.

"Basi, Mum," binti akasema. Hakuwa na ushindi wowote usoni. "Twende tu."

Mama Bafu aliutazama ule mfuko mtupu mlangoni. Sijawahi kumwona akiwa mdogo namna ile. Niliwaza ule ukuta wa dukani ukiwa kimya, mtu mwingine akiuza miguu kwa mtu yeyote mwenye pesa, na nikasikia hasira.

"Shusha miguu," nikasema.

"Mkono wa fundi hautapita."

"Mama, nani ataoga?"

Akanigeukia. Nilidhani atanifukuza. "Umesema?"

"Nimeuliza nani ataoga. Ni wewe ama ni mkono wa fundi?"

 Miaka yote hiyo alikuwa amewauliza watu swali hilo, na nadhani hakuwa amewahi kulisikia likija upande wake. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wa aproni akanipa spana.

Nikalala tumbo sakafuni, mimi na umri wangu, nikaanza kuzungusha. Yeye alisimama juu yangu akiangalia pima maji na kutoa amri.

"Kushoto. Si hiyo, Ngai! Ile ya upande wa Menengai. Sasa ya ziwani. Kidogo. Nimesema kidogo, hukati suruali."

Trei ikashuka pamoja na lile bomba la kupindika. Ikashuka zaidi. Nilipofika kwenye mguu wa tano nikaona ameukaza kwa nguvu zaidi ya mingine yote. Mwishowe chini ya trei haungeweza kupita hata mkono wa mtoto, na kile kiputo kilikuwa bado katikati.

"Fundi atalala chini kama wewe," akasema. "Ama atafute kazi ingine."

Akashika ukuta. Akainua mguu wa kulia, si sana, kama mtu anayevuka kizingiti, akaushusha ndani. Kisha wa kushoto. Akasimama katikati ya trei na nguo zake zote.

"Toka," binti akasema kwa sauti ndogo.

Akatoka.

"Ingia tena."

Akaingia tena, safari hii bila kuangalia miguu. Binti akaweka mkono mdomoni. Mama Bafu akatutazama sote wawili kwa ile sura aliyokuwa nayo kila alipokuwa tayari kuandika risiti.

"Mmeshaona," akasema. "Sasa tokeni nioge."

Akatufungia mlango, na tukasikia komeo likiingia. Tukakaa jikoni, binti juu ya gunia lake la viazi, mimi juu ya ndoo. Tukasikia maji. Yalimwagika muda mrefu bila sauti nyingine yoyote, na binti alikuwa anabana vidole vyangu mpaka vinauma.

Halafu akaanza kuimba. Ulikuwa wimbo ule ule wa asubuhi ya saruji, kwa sauti kubwa ile ile.

Binti akaruka juu, na gunia likaanguka, viazi vikasambaa jikoni vyote vikielekea upande wa ziwani. "Anaimba ama anaita?" akaniuliza, tayari bega lake liko mlangoni.

Sikujua. Nikamshika gauni. Ubeti wa kwanza ukaisha, kukawa kimya, na maji yakaendelea kumwagika. Binti akarudi nyuma hatua moja ili apate nguvu ya kuupiga mlango.

"Mbona hamuitikii?" akafoka kutoka ndani. "Kwani mmelala?"

Tukaitikia. Binti akashika sauti ya pili.